Kontakta Tatu za Yuranis

Chuki ya Eusebio Charris kwa Yuranis Polo ilianzia kwenye kikombe cha kahawa. Kwa miaka kumi na tisa, kila saa kumi na mbili jioni, yeye ndiye aliyewasha taa za maduka ya jengo la Pasaje Carreto, katikati ya jiji la Barranquilla, na kila jioni Doña Nubia wa duka la nguo za kanivali alimwekea kahawa nyeusi juu ya kaunta. Jumatatu moja ya Januari akakuta vikombe viwili. Cha pili, akaambiwa, ni cha yule fundi mpya, binti wa watu, anashinda na jasho tangu asubuhi. Eusebio aliinywa yake kama anakunywa shubiri.

Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Taa za jengo lile zililishwa na transfoma tatu, moja kwa kila ghorofa, na transfoma zina ulafi wao. Umeme ukikatika kisha ukarudi, ukaziamsha zote kwa pamoja, zinavuta kwa mkupuo mmoja na swichi kuu inaanguka. Na kule umeme hukatika unavyotaka wenyewe. Kwa hiyo Eusebio aliziwasha kwa mkono: ya kwanza, akasali Salamu Maria mbili, ya pili, akasali mbili nyingine, ndipo ya tatu. Wenye maduka walisimama milangoni gizani wakimsubiri, na mwanga ulipokuja waliliita jina lake kutoka ghorofa zote. Hakuwa na mke wala mtoto. Kuitwa jina kule ndiko alikokuwa nako.

Sasa Doña Otilia, msimamizi wa jengo, alikuwa amemleta Yuranis, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye cheti chake, afunge kontakta tatu. Kontakta ni swichi inayovutwa na sumaku badala ya mkono wa mtu, na hizi zingeamshwa kwa zamu na saa. Zile Salamu Maria zingehesabiwa na saa. Muuza viatu alimtania Eusebio kwamba sasa atapata wasaa wa kutafuta mke. Watu wakacheka, naye akacheka nao, na kijiba cha roho kikazidi kukua.

Alhamisi Yuranis alimwita kwenye boksi la kontakta.

"Don Eusebio, macho yangu peke yake hayatoshi. Niangalizie kabla sijafunga mlango."

Akaangalia, na hakuchukua muda kuliona kosa. Koili, ile sumaku yenyewe, alikuwa ameipa umeme kutoka upande wa taa, baada ya transfoma. Siku hiyo kila kitu kilifanya kazi kwa sababu swichi za zamani za mkono zilikuwa bado zipo na transfoma zilikuwa tayari zina umeme. Lakini Jumamosi swichi hizo zingeondolewa, na hapo koili ingesubiri transfoma, transfoma nayo ingesubiri koili, sawa na mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Eusebio alilijua kosa hilo vizuri mno. Alilifanya mwenyewe ujanani, na fundi aliyemfundisha akamsahihisha kimyakimya, bila kumwaibisha mbele ya mtu.

"Kazi safi, binti," akasema, akaenda zake.

Nani asiyejua wivu unavyomfanya mtu? Lakini wengi wetu huishia kununa tu.

Jumamosi jioni wenye maduka wote walishuka kushuhudia. Doña Otilia alibonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Mtu mmoja huko nyuma akacheka, na Yuranis akashika sanduku lake la vifaa akatoka mbio bila kumtazama mtu. Eusebio alijikausha ukutani, akangoja mpaka manung'uniko yakolee. Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Mwishowe Doña Otilia akageuka.

"Don Eusebio, tusaidie wewe. Tuwashie unavyojua."

Watu wakampisha. Alichukua mpini wa ufagio, akafungua boksi. Alijua kuwa akiisukuma kontakta mara moja tu kwa ule mti, transfoma itaamka, koili itapata umeme, na kontakta itabaki imeshika. Akaegemeza mpini juu ya ile ya kwanza. Swichi ya usalama juu yake ilikuwa imewashwa, haina lile kufuli ambalo fundi huifungia ikiwa imezimwa kabla ya kugusa nyaya. Kabla hajasukuma, akataka kuongeza utamu.

"Na fundi wenu kakimbilia wapi?"

"Yuko chumba cha transfoma, ng'ambo ya maegesho," akasema Doña Nubia. "Amenipita akisema labda ndiyo mbovu. Anazifungua nyaya zake."

Angesukuma, umeme ungepita kwenye mikono ya Yuranis. Eusebio aliweka mpini chini taratibu, akaizima ile swichi ya juu, kisha akakimbia akikata maegesho ya magari, na umri ule.

Yuranis alikuwa ameinama, mikono yote miwili imeshika vichwa vya nyaya. Kwa haraka na aibu alikuwa amesahau kufuli. Aliona kontakta imelala akaamini njia imekufa.

"Toa mikono," Eusebio akasema, anatweta. "Transfoma ni nzima. Koili umeilisha kutoka upande wa taa."

"Umejuaje? Leo hujagusa kazi yangu."

Angeweza kusema ni uzoefu. Miaka kumi na tisa ingeutosha uongo huo. Lakini aliketi juu ya ndoo.

"Nililiona Alhamisi. Na sasa hivi nusura nikuue."

Yuranis alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Alhamisi nililala usingizi, Don Eusebio," akasema. "Kwa sababu wewe uliniambia safi."

Alifunga kufuli, akahamisha nyaya za koili, na baada ya nusu saa Doña Otilia akabonyeza kitufe kwa mara ya tatu. Ghorofa ya kwanza ikawaka. Kikapita kitambo. Ya pili. Kikapita kitambo kingine. Ya tatu. Makofi yakajaa jengo zima, na Doña Nubia akauliza nani kaligundua kosa.

"Don Eusebio," Yuranis akajibu, bila kupandisha sauti. "Aliliona Alhamisi."

Waliokuwa mbele waliacha kupiga makofi kwanza, na wa nyuma wakawafuata. Muuza viatu alihesabu siku kwa vidole. Doña Nubia alimgeukia Eusebio, bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayetaka kuambiwa amesikia vibaya.

"Alhamisi ipi?"

Eusebio akamtazama Yuranis, na Yuranis alikuwa anakusanya vifaa vyake.

"Ya juzi," Eusebio akasema.