Madirisha Mawili

Kila asubuhi fundi rangi alikunywa methadoni, dawa ya kuachia heroini, mbele ya dirisha la nesi, kisha akafungua kinywa kuonyesha ameimeza. Miezi saba hajagusa unga. Dirisha hilo lilifunguliwa saa tatu na nusu na kufungwa saa nne. Dawa zake za virusi vya Ukimwi alizichukulia kliniki nyingine, ng'ambo ya mji, nayo mwisho wa kupokea kadi ulikuwa saa nne hiyo hiyo.

Ijumaa moja chupa ya vidonge hivyo vya virusi iliisha. Dada yake, fundi cherehani, akaacha gauni la mteja chini ya sindano, akatangulia kumshikia foleni.

"Mwenye kadi yuko wapi?" karani aliuliza.

"Yuko njiani, kaka. Anamalizia kunywa ile dawa nyingine."

"Ile ya mateja?" Karani akairudisha kadi kwa ncha ya kidole. "Aje mwenyewe. Hawa ukimpa mtu awachukulie, kesho zinauzwa."

"Soma faili lake basi. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana."

"Utaratibu sikuuweka mimi, dada."

Fundi rangi alifika saa nne na dakika kumi, shati limemganda mgongoni. Pazia lilishashushwa. Akagonga kioo mara moja, taratibu. Karani akachungulia, kikombe mkononi, akamwonyesha tangazo: hadi Jumatatu.

Wakaketi kwenye ngazi. Fundi rangi akaanza kujikuna mikono kama enzi zile za unga. Dada akaishika, akailaza mapajani mwake.

"Nikifuata hii, naikosa ile," alisema. "Nikiiacha ile, jioni arosto inanikamata, mwili wote unadai unga, narudi kijiweni. Sasa wanataka nife na lipi?"

"Nyamaza kwanza, mdogo wangu."

Akafungua mkoba, akatoa chupa yake mwenyewe. Mtaani hakuna aliyejua habari zake isipokuwa huyu mdogo wake; dawa zao zilikuwa aina moja. Akamimina vidonge vitatu kiganjani, bila kujali nani anaona.

"Na wewe?"

"Zangu zitapungua mwisho wa mwezi."

"Wakihesabu vidonge, watakuandika mzembe."

"Waandike. Hiki cha leo, hiki cha kesho, hiki cha keshokutwa. Haya, shika."

Alivipokea kwa mikono miwili. Cha leo akakimeza pale pale, kwa maji ya bomba la uani. Dada akamfuta kidevu kwa ncha ya khanga, mbele ya foleni nzima ya wajawazito waliongoja mlango wa pembeni, wakatoka getini wameshikana mikono.