Punguza, Shemeji

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Fundi cherehani aliipenda methali hiyo kuliko chakula cha mchana, na hadi siku ile ilikuwa imemtunza vizuri tu. Wakristo wa mji ule walikuwa wachache, na sheria haikutaka hata kuwasikia. Seremala wao alichukuliwa mwezi uliopita, na mkewe bado hajui yuko wapi.

Lakini Jumapili haikosi. Waumini walikuja karakanani kwa Fundi kama mafundi, wakakaa kwenye cherehani za umeme, wakakanyaga pedali na kuimba chini ya ngurumo. Mpita njia alisikia kazi tu. Waliomba macho wazi, amina ikitoka huku pindo linashonwa.

Taabu ilikuwa moja: shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe, waliyemwita Tarumbeta. Mama yule Mungu alimpa koo akasahau kumpa kifuniko. Akinong'ona, paka wa jirani anaamka.

"Shemeji, punguza," Fundi alimwambia kila ubeti.

"Jamani, si nimepunguza? Nikipunguza zaidi nitakuwa nawaza tu."

"Basi waza!"

Jumapili hiyo walikuwa wamefika kwenye kiitikio, Tarumbeta kajisahau, kifua kimejaa, mara pap! Umeme ukakatika. Cherehani zote zikanyamaza kwa mpigo. Likabaki jina la Yesu peke yake hewani, refu, tamu, linatoka dirishani kwenda barabarani, maana mwenyewe alikuwa hajaishiwa pumzi.

Weee! Mlango ukafunguliwa. Alikuwa askari wa mtaa, yule mwenye kitambi ambaye Fundi alizoea kumpanulia suruali. Alikuwa amefuata suruali yake ya kazini.

"Nani alikuwa anaimba?"

"Redio, afande," Fundi aliwahi kujibu.

Askari akaitazama taa iliyozimika, kisha akamtazama Fundi. "Redio ya umeme upi?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze na cherehani zake. Tarumbeta akaweka mkasi mezani.

"Ni mimi, afande. Redio gani inaimba hivi? Mimi ni Mkristo."

"Na hawa?"

"Hawa si unawaona wako kwenye cherehani? Niulize mimi."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Shemeji, mwambie dada chakula changu asimpe mtu." Askari akamtanguliza, wakaondoka.

Hakuna aliyemuuliza Fundi kama naye ni Mkristo. Alikuwa salama salimini, na aibu tele. Amemruka shemeji yake kwa ajili ya redio ambayo hata hana! Kwenye msumari ukutani suruali ya askari ilikuwa bado inaning'inia. Akaichomoa, akatoka mbio na futi yake ya kupimia shingoni.

"Afande! Afande, umesahau suruali!"

Askari akaipokea, akaipima kiunoni, akaridhika. "Umefanya la maana. Haya, rudi kazini."

Njia ya kurudi ilikuwa nyeupe, haina hata mbuzi. Fundi hakuifuata.

"Ile redio nilidanganya," alisema. "Na mimi ni Mkristo. Kwangu ndipo shemeji anapoimbia."

"We Fundi, una wazimu?" Askari alitazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. "Mbona sikukuuliza?"

"Najua, afande. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Na suruali zangu nani atanipanulia?"

"Kula kidogo, afande."

Tarumbeta aliangua kicheko, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Askari akapiga mluzi wa kuchoka, akamshika Fundi mkono, wakaanza kwenda kituoni watu watatu, suruali begani mwa mwenyewe.

Fundi aliogopa. Aliogopa sana, asikudanganye mtu. Alipoona woga unataka kumgeuza, akafungua mdomo akaanzisha kile kiitikio kilichokatizwa, mchana kweupe, bila cherehani hata moja. Sauti yake ilikuwa mbovu kupindukia. Watu walitoka madukani kuona nani anachinjwa.

"Shemeji, punguza!" Tarumbeta alimwambia. "Umeanzia juu mno, utatuaibisha kituoni."

Fundi hakupunguza.