Wali wa Lukas

Siku Lukas alipoondoka, sufuria ya uji ilikuwa bado jikoni. Ilikuwa Jumanne ya Januari, mwaka tisini na tano, baridi ile ambayo mtu akivuta pumzi anahisi vinyweleo vya pua vikigandamana. Lukas alivaa koti lake la kijani, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akachukua bahasha iliyokuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Alimwambia mkewe, Imaculata, kwamba anakwenda mara moja kuitumbukiza kwenye sanduku la posta pale kona ya University Avenue, kisha arudi wanywe uji. Imaculata alimwambia afunge mlango vizuri, upepo unaingia. Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia mume wake, na Lukas aliufunga mlango vizuri.

Uji ukapoa. Noela, binti yao wa miaka mitano, akamaliza wake na kuanza kudai wa baba. Ndipo mlango ukagongwa, na aliyesimama nje alikuwa mama mmoja wa Kihmong, kabila la Asia, mwenye duka la mboga pale kona, ameshika kofia ya Lukas kwa mikono miwili. Hospitali walisema ni moyo. Nguo zake walizirudisha ndani ya mfuko wa plastiki, na Imaculata alizipekua zote asiione bahasha. Alikuwa amekwisha kuitumbukiza kabla hajaanguka.

Kilichofuata kiliwagawa watu. Watanzania wa miji hii miwili ya Amerika inayopakana mtoni walijaa katika kile chumba chao cha mtaa wa Frogtown kila jioni, wakasali, wakala, wakapanga jinsi ya kumsafirisha marehemu hadi Kibosho, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, ambako wote waliomtangulia wamelala chini ya migomba. Gasto, kaka yake Lukas, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mipango. Alikuwa ameishi Amerika miaka tisa, ana karatasi zake, ana nyumba yake Richfield, na ndiye aliyemwita mdogo wake aje kusoma.

Imaculata alikataa. Alikuwa hapa kwa kibali cha mke wa mwanafunzi. Akiondoka hataruhusiwa kurudi, na yeye alikuwa bado anaamini kwamba atapata chuo chake na kubaki. Akimtuma Lukas peke yake, atakuwa amemzika mume wake kwa simu. Akataka kaburi analoweza kulifikia kwa miguu yake. Karatasi za huku zilimpa mke neno la mwisho, akatia sahihi.

Gasto hakupandisha sauti. Alisimama katikati ya chumba, watu wamekaa mpaka sakafuni, akasema, "Mama alinikabidhi huyu mtoto kwa mkono wake. Sasa nimrudishie nini? Picha?" Kisha akavaa koti. "Kaburi hilo sitalikanyaga, shemeji. Watu hawa wote ni mashahidi."

Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe. Watu wa makaburini walimweleza Imaculata kwa upole kwamba wasubiri iyeyuke, na Lukas akawekwa kwenye nyumba ya maiti wiki kumi na tatu. Alizikwa Aprili, mbele ya watu tisa. Gasto hakuwemo.

Ile bahasha nayo ilileta majibu. Mwanzoni mwa Februari zilifika tiketi tatu za meli ya matembezi, ile yenye gurudumu kubwa nyuma, inayopandisha watu mto Mississippi huku wanakula. Kila Ijumaa ya kiangazi chakula kilikuwa cha nchi fulani, na Lukas alikuwa amechagua Ijumaa ya Juni iliyoitwa Jioni ya Sevilla. Kila tiketi ilikuwa na jina na chakula cha mwenyewe, kama alivyojaza kwenye fomu: Imaculata, kuku. Gasto, nyama ya ng'ombe. Lukas, wali wa kamba. Noela hakuhitaji tiketi, watoto wadogo walipanda bure.

Imaculata alielewa mara moja. Miaka miwili nyuma chuo kilikuwa kimempeleka Lukas Sevilla, huko Hispania, wiki tatu, kusoma habari za umwagiliaji. Siku ya mwisho waliwapandisha kwenye meli mtoni wapate chakula cha mchana huku wakitazama mji. Wenzake walikaa na wenzao. Yeye alipewa meza ya viti vinne, akala peke yake wali wa njano wenye kamba waliobaki na vichwa vyao, wanamkodolea macho. Alirudi akilisimulia jambo hilo kama kichekesho, anaigiza mpaka macho ya kamba, lakini mwisho wa kila simulizi alisema lile lile: nikimaliza shahada nitawapandisha wewe na mtoto na kaka kwenye meli, tule, na vile viti vijae.

Alizitia tiketi ndani ya Biblia. Angeziacha humo kama isingekuwa barua ya Mei kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Iliandikwa kwa heshima nyingi, ikianza na pole. Kibali chake kilikuwa kimefungwa kwenye masomo ya Lukas. Mwanafunzi hayupo, basi na mke wa mwanafunzi hayupo. Alipewa mpaka mwisho wa Agosti kuondoka na mtoto.

Usiku ule hakulia. Alikaa akihesabu watu. Katika wale tisa wa Aprili, wawili walikuwa wamehamia Texas, mmoja alikuwa padri, wengine walikuja kwa ajili yake yeye, si kwa ajili ya Lukas. Alimzika mume wake huku ili awe karibu naye, na sasa yeye ndiye anayeondoka. Lukas atabaki chini ya nyasi za watu bila hata mmoja wa kumwita jina. Aliyekuwa na damu yake katika mji ule alikuwa mtu mmoja tu, naye aliapa mbele ya watu.

Aliitia tiketi ya Gasto ndani ya bahasha, bila barua, akaituma Richfield.

Siku ilipofika alimpeleka Noela kwa Wambui, jirani yake Mkenya anayeuguza wazee. Wambui alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akamwambia amependeza, lakini uso ndio hajauvaa. "Na huyo Gasto wenu aki-refuse kuja," alisema, "nyama yake uniletee mimi. Ng'ombe ameshakufa, hatamfufua kwa hasira." Imaculata alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo, na ikawa ya mwisho.

Alipanda meli peke yake. Jua la Juni lilikuwa bado juu, maji ya mto ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani walikuwa wametundika mapepeo ya kujipepea ya karatasi nyekundu na kuweka muziki wa gitaa. Meza yao ilikuwa ya viti vinne, karibu na dirisha. Mbele ya viti vitatu kulikuwa na vikadi vyenye majina. Alikaa mbele ya jina lake. Wahudumu walikuwa tayari wameanza kuvuta daraja la kupandia pale Gasto alipolikanyaga, amevaa suti, jasho linamtoka. Alipofika mezani alisoma vile vikadi vyote vitatu akiwa amesimama. Alikaa mahali pake bila kuuliza kitu.

Walisalimiana. Gasto aliuliza kama Noela hajambo, akajibiwa hajambo. Aliuliza kama mtoto bado anaongea Kiswahili, akajibiwa anasikia chote, anajibu Kiingereza. Baada ya hapo kipaza sauti kikawasemea: daraja hili lilijengwa mwaka fulani, majahazi yale ya chuma yanabeba mahindi, kwenye mapango yale ya mwambani palilimwa uyoga. Watu wa meza nyingine waligeuza shingo kushoto na kulia kama walivyoelekezwa. Juu yao ndege moja baada ya nyingine ilishuka kuelekea uwanjani.

Mhudumu aliitwa Lois, jina lilikuwa kifuani. Alileta sahani tatu kwa mkupuo. Kuku, nyama, na wali wa njano wenye kamba sita wakubwa, vichwa vimo. Aliweka sahani ya Lukas mbele ya kadi ya Lukas, akauliza kama mgeni wao amekwenda kunawa.

Imaculata alifungua mdomo, Gasto akamtangulia. Alimwambia yule mwanamke kwa Kiingereza chake kizuri kwamba anakuja, atakuja sasa hivi. Lois alipoondoka, Gasto aliinamia nyama yake akaikata vipande vidogo vidogo, vidogo kuliko mtu anavyohitaji, na hakula hata kimoja.

Imaculata alikuwa amekuja na maneno yake. Alikuwa ameyapanga wiki nzima, mwanzo na mwisho. Aliyatafuta asiyaone. Akasema anakwenda kunawa.

Pembeni ya mlango wa choo palikuwa na chungu kikubwa cha plastiki, na ndani yake mmea mrefu wa majani mapana yenye mstari wa njano katikati. Alikuwa amekwisha kuuona mmea huo benki na hospitalini, mahali ambapo Wamarekani huuacha ukusanye vumbi na kuumwagia kahawa iliyobaki. Hakuwa ameutazama hasa. Sasa aliutazama: ulikuwa isale. Kule kwao masale ndiyo mpaka wa kihamba na kihamba, ndiyo yanayopandwa juu ya kaburi, na jani lake moja lililofungwa fundo ndilo anayekosa humpelekea aliyemkosea. Anayeletewa isale hawezi kumfukuza aliyelileta. Imaculata alikwisha kumwona baba yake, mtu mkali sana, akikalishwa chini na jani moja la mtu aliyemwibia ng'ombe.

Alichuma jani. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka chooni alimtazama kwa mshangao, naye akamwambia samahani. Akalifunga fundo, akarudi, akaliweka juu ya kitambaa cheupe, mbele ya Gasto.

Gasto alilitazama. Kipaza sauti kilimaliza habari za daraja na kuanza za ngome.

"Hili ni pambo, shemeji," alisema. "Wamelinunua dukani."

"Najua."

"Halijui hata kwetu ni wapi."

"Hata Noela hajui. Lakini ni wa kwetu."

Ndipo Imaculata akamweleza, kwa sauti ya chini, yote kwa pamoja. Barua ya ofisi. Mwisho wa Agosti. Kwamba alipokataa Lukas asafirishwe alijiona yeye tu, hakumfikiria mama mkwe wake wala hakumfikiria Gasto, na hilo ndilo kosa lake na analiombea msamaha. Na kwamba hana mtu. Hakumwomba asamehe haraka, alimwomba jambo moja tu, aende kumtazama mdogo wake, asiachwe kama mtu asiye na kwao.

"Niliapa," Gasto alisema.

"Nilikuwepo."

Lois alirudi kukusanya vyombo. Aliinamia ile sahani ya tatu, wali umekwisha kukauka juu, akauliza taratibu kama aifungashe au aitupe, maana inaonekana rafiki yao hakuja. Alinyoosha mkono. Gasto aliuweka wake juu ya ukingo wa sahani, akamwambia aiache.

Aliivuta kwake. Akasukuma uma na kisu pembeni, akanawa kwa maji ya bilauri juu ya sahani ya nyama, akaanza kula wali wa mdogo wake kwa mkono. Alimenya kamba mmoja mmoja, akaweka vichwa pembezoni kwa mstari. Meza ya jirani ilinyamaza kumtazama, kisha ikaona haya, ikaendelea na mazungumzo. Wali ulikuwa baridi. Alikula hadi punje ya mwisho, mto ukizunguka polepole dirishani maana meli ilikuwa inageuza kurudi, na wakati wote huo machozi yalimshuka usoni na hakuyafuta, mikono ilikuwa na mafuta.

Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa. Akalichukua lile jani, akalitia mfuko wa ndani wa koti.

"Siku gani huwa unakwenda?"

"Jumamosi ya kwanza ya mwezi."

"Na theluji ikiwepo?"

"Nilikuwa nimekusudia hata theluji ikiwepo."

Gasto alitikisa kichwa kukubali. Meli ikatia nanga. Pale maegeshoni Gasto alimfungulia mlango wa gari, akampeleka hadi kwa Wambui, akambeba Noela aliyelala mpaka juu ghorofani. Jumamosi ya kwanza ya Julai walikwenda makaburini pamoja. Gasto alisimama kwenye lango dakika nyingi kabla hajaingia, na Imaculata alimwacha asimame.

Agosti Imaculata aliondoka kwenda Kibosho na mtoto na kopo la kahawa lililojaa udongo wa kaburini. Mama mkwe wake aliupokea ule udongo bila kulia, akaumwaga mwenyewe kati ya migomba, pembeni ya kaburi la baba yake Lukas, akapanda isale juu yake. Watu walipotawanyika alimuuliza Imaculata swali moja tu.

"Na kule yuko na nani?"

"Yuko na Gasto, mama."

Sasa Imaculata anaishi katika nyumba ya mama mkwe wake. Analala chumba alichozaliwa Lukas, na msiba haujamtoka, ila umezoea kukaa. Kila baada ya wiki tano au sita hufika barua kutoka Richfield, fupi, bila salamu nyingi. Ya mwisho inasema: Nilikwenda tarehe mbili Desemba. Theluji imepita viatu. Nimefagia jiwe.