Sauti ya Shangazi Fania Ndani ya Kifaa

Mwezi wa tisa mji wote wa Bitola hunukia pilipili hoho za kuchoma. Kila uani pana bati juu ya moto, na kila mwanamke ana vidole vyeusi. Siku moja ya mwezi huo tulitoka mimi na shangazi yangu Fania kwenda Mtaa Mpana kununua kifaa cha kuonyesha njia, kile cha kubandika kwenye kioo cha gari kinachosikilizana na setilaiti na kukuambia geuka hapa, nyooka pale. Shangazi alikataa kunawa vidole.

"Nikinawa nitakaa. Nikikaa nitabadili nia," alisema.

Nia yenyewe ilikuwa moja: kukiona kijiji cha Orovnica kabla macho yake hayajafumba. Presha ya macho ilikuwa imeshachukua la kushoto, na la kulia lilikuwa likiiona dunia kama mtu anayetazama kupitia bilauri ya maziwa. Orovnica ndiko alikozaliwa. Kiko ng'ambo ya mpaka, Ugiriki, karibu kiasi kwamba mvua ikinyesha kule sisi huanua nguo. Lakini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule, watoto walipotolewa vijijini na kuvushwa milima kwa miguu, wameshikana mikono wasipotezane, Shangazi hakurudi tena. Alilelewa Romania, akasoma Poland, akaolewa, akafiwa, akaja kuzeekea Bitola. Dunia nzima ilimgongea mihuri. Kwao tu ndiko walikomfungia mlango.

Na kijiji? Kilichomwa, kikaachwa kwa miti. Hata jina kilikuwa kimeshavuliwa kabla Shangazi hajazaliwa, kikavishwa jina la ofisini ambalo hakuna bibi aliyewahi kulitumia kumtajia mgeni kwake. Jina hilo ninalijua. Sitaliandika hapa. Limekwishapewa wino wa kutosha.

Dukani tulimkuta Menka, mama wa makamo mwenye miwani utosini, anakula bureki, andazi la nyama, nyuma ya kaunta na mafuta yanamchuruzika hadi kiwikoni.

"Karibuni. Mnakwenda wapi?"

"Nchi za nje," nikasema.

"Nyumbani," akasema Shangazi.

"Basi kubalianeni kwanza," Menka akajifuta mikono, "maana vingine vina ramani ya hapa tu, vingine Ulaya yote. Msije mkafika mpakani kikanyamaza kama bwana harusi aliyelewa."

Alitupangia vifaa vitatu. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kinang'aa. Shangazi akauliza: "Kinaijua Orovnica?" Menka akaandika. Kifaa kikafikiri, mshale mdogo ukazunguka, kisha kikasema hakuna mahali kama hapo.

"Mwongo," Shangazi akakirudisha. "Kingine."

Cha pili kilikuwa na makuu zaidi. Kilipoulizwa Orovnica kikaleta vijiji vinne, vyote Urusi.

"Bibi," Menka akasema kwa upole, "hakuna mtu anayechagua kifaa namna hii. Watu huuliza betri, ukubwa wa kioo, kama kinaonya kamera za polisi. Nipe jina jipya la kijiji, sasa hivi nitakupatia."

"Sina jina jipya."

"Lipo, Bibi, lazima lipo. Kila kijiji cha kule kina..."

"Menka, binti yangu. Ukiolewa leo ukaibiwa na mumeo, utamwita mwizi au utamwita mume?"

"Mimi nimeachika, Bibi. Namwita yote mawili."

Tukacheka sote watatu, na kicheko kile kilitupa nafasi. Menka akachukua kifaa cha tatu, kinene, kibaya, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Akatuonyesha kwamba hiki hakihitaji jina: unaifungua ramani, unagusa mahali kwa kidole, kinakupeleka. Akaitafuta ile milima, akaisogeza, akaikuza. Kati ya barabara mbili palikuwa na weupe mtupu. Shangazi akaleta uso hadi pua ikagusa kioo. Akafuata mstari wa mto kwa kidole chake cheusi, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani.

"Hapa mto unajikunja. Hapa daraja. Hapa tulikuwa tunafua. Hapa." Akabonyeza. Kwenye weupe ikabaki alama nyekundu, na alama ya pilipili.

"Sasa sauti," Menka akasema. "Kina Kiserbia, Kikroeshia, Kigiriki..."

"Kigiriki hapana," nikasema. Nilikuwa nimeshaanza kupandwa na hasira. Vifaa vitatu, viwanda vitatu, na hakuna aliyekumbuka kuweka lugha yetu.

"Ngoja, kaka, usinivunjie kaunta. Hiki unaweza kukirekodi mwenyewe. Kitakuomba useme maneno yake moja baada ya jingine, halafu njiani kitayapanga."

Ndiyo sababu tulichagua kile kibaya. Menka alifunga mlango wa duka, akamkalisha Shangazi kwenye kiti chake, akamshikia kifaa mdomoni. Kilipotaka aseme "geuka kushoto," Shangazi alisema: "Kushoto, mwanangu, mkono wa moyo." Kilipotaka "nyooka," alisema: "Endelea, endelea, usiogope mbwa." Menka alimwambia aseme kwa ufupi. Shangazi akamjibu kwamba njia ya kwao haikuwahi kuwa fupi. Alisema yote kwa lafudhi ya Orovnica, ile inayovuta maneno mwishoni kama mtu anayemwita ng'ombe bondeni, ambayo Bitola walimcheka nayo mpaka akaificha. Sikuwa nimeisikia tangu baba yangu, kaka yake, alipofariki.

Jumapili jirani alitumwagia ndoo ya maji nyuma ya gari, safari itiririke. Tulikwenda kusini katikati ya mashamba ya tumbaku, ukungu umelala chini na jua limeelea juu yake, na ndani ya gari nikawa na mashangazi wawili. Mmoja kwenye kioo anasema, "Endelea, endelea," na mwingine pembeni yangu anamjibu, "Si anaendelea, unamharakishia nini?"

Mpakani inategemea umeangukia kwa afisa gani. Wengine walikuwa wamevuka majira ya kuchipua, wakawasha mishumaa kwenye makaburi, wakarudi. Sisi tuliangukia kwa kijana mpole, na hao ndio wabaya, maana huna pa kuwatukania. Akaifungua pasipoti ya Shangazi, akafika palipoandikwa mahali pa kuzaliwa.

"Mama, mahali hapa hapapo."

"Na mimi nipo?"

"Ningependa kukusaidia. Lakini mahali hapa hapapo."

"Basi nilizaliwa hewani. Andika hapo: amezaliwa na kunguru."

Mimi nilisema mengi. Niliwahi kuongoza mgomo kiwandani, kifua ninacho. Nilimkumbusha vijiji vilivyochomwa, nikamkumbusha wazee walionyweshwa mafuta ya nyonyo kwa kosa la kusalimiana kwa lugha yao. Yule kijana alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Pasipoti yangu mimi, mzaliwa wa Bitola, alikuwa ameshaigonga muhuri. Mzaliwa wa nje apite, wa kwao arudi: hiyo ndiyo akili ya mpaka.

Shangazi akanishika mkono. "Nenda, Naum."

"Siendi popote."

"Nenda. Ukaone kama walnati, miti yetu ya kokwa, zipo. Mimi nitakunywa kahawa."

Nilimrudisha kwenye mgahawa wa upande wetu, nikamwacha mezani chini ya turubai, mkoba mapajani, macho yake ya maziwa yameelekea milimani. Nikavuka peke yangu. Na mara nilipovuka, kutoka kwenye kile kipande cha sabuni, sauti ikasema kwa furaha kabisa: "Kulia, mwanangu, mkono wa mkate."

Pasipoti waliikagua. Sauti hawakuikagua.

Sijui nieleze vipi mwendo ule. Barabara ilipanda ndani ya misitu ya mikalitusi, la, nakosea, ya michesnati. Mikalitusi niliiona nchi nyingine. Majani yalikuwa ya manjano, mwanga wake wa manjano, hata mikono yangu kwenye usukani ilikuwa ya manjano. Lami ikaisha. Kwenye kioo barabara nayo ikaisha, na kigari kidogo cha buluu kikawa kinaogelea katika weupe, hakina juu wala chini, na yule mwanamke aliyeko bondeni akinywa kahawa ananiambia kando ya sikio: kushoto, mkono wa moyo, endelea, usiogope mbwa. Nikawa namjibu. "Ndiyo, Shangazi. Naendelea, Shangazi." Mto ulijikunja pale aliposema unajikunja. Daraja lilikuwa na upinde nusu. Kisha kuta: mawe yamefika kiunoni, mwerezi umeota mahali pa jiko, na walnati, kubwa, nyingi, zinadondosha matunda juu ya bati la gari, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi bila haraka.

Nilifungua mlango. Hatua chache kutoka pale alikuwepo mzee amevaa wavu wa nyuki usoni, ameinama juu ya mizinga. Gari lilikuwa bado linaserereka, na kifaa kikasema neno lake la mwisho, "Umefika, mwanangu," kwa nguvu, kwa lugha yetu, mahali ambapo lugha yetu ilinong'onwa ndani ya mablanketi.

Mzee akaruka. Akatazama barabara juu, akatazama chini, barabara isiyo na mtu tangu dunia iumbwe.

"Zima hiyo!" akasema kwa Kigiriki.

Nikanyoosha mkono nizime.

"La," akasema, na sasa hakikuwa Kigiriki. Kilikuwa kile cha kuita ng'ombe bondeni, kimeota kutu. "La, iache. Iseme tena."

"Haisemi, mzee, mpaka gari litembee."

"Basi tembeza."

Akapanda na wavu wake kichwani na nyuki wawili juu ya bega. Nikalitembeza gari kati ya kuta zile, nikazunguka walnati, na Shangazi akawa anatuelekeza: kulia, mkono wa mkate, kushoto, mkono wa moyo. Mzee aliweka kiganja kwenye dashibodi kama mtu anayeota moto. Kila sauti ilipokata alisema "tena," na mimi nikazunguka tena. Tuliizunguka Orovnica mpaka ikawa kama inatuzunguka yenyewe, kuta zinapita, mwanga unapita, na sijui ni mara ngapi, sikuhesabu.

"Huyu amekufa lini?" akauliza mwishoni.

"Nani amekufa? Yuko mpakani. Wamemkatalia. Anakunywa kahawa na bila shaka anagombana na mhudumu."

Mzee akavua wavu. Jina lake la karatasi lilikuwa Athanasios. Mama yake alimwita Tanas, na tangu mama azikwe hakuna aliyemwita hivyo. Watoto walipovushwa mlima, yeye alikuwa na surua, akafichwa chini ya magunia, akabaki.

"Mimi ninavuka," akasema. "Kitambulisho changu hawana neno nacho."

"Na nyuki?"

"Nyuki watajijua. Endesha."

Tukateremka. Nilisahau kufuta ile alama nyekundu, kwa hiyo kila tulipozidi kuiacha kifaa kilizidi kulalamika: "Rudi, mwanangu, umepita. Rudi." Nilitaka kukizima, mzee akanipiga kofi la mkono. "Tutarudi," akawa anakiambia, kwa adabu, kama unavyomwambia mwenye nyumba. "Tutarudi, mama, tuna safari kidogo."

Shangazi alikuwa palepale chini ya turubai. Aliona vivuli viwili badala ya kimoja, akaweka kikombe chini.

"Umeniletea nani?"

Nilitaka kujibu, Tanas akaniwahi. "Mimi wa kwa Ndrejo. Nyumba ya pili kutoka kisimani."

Shangazi akamgeuzia sikio. "Kwa Ndrejo kulikuwa na mbwa mkali."

"Ndiye Mwarapi wetu. Alikuuma?"

"Aliniraruia gauni la Pasaka. Mlilipa?"

"Hatukulipa."

"Najua hamkulipa." Akavuta kiti kwa mguu. "Kaa. Mwenzangu, mimi sioni na hawa hawanipitishi. Nipandishe. Anza darajani."

Mhudumu akaleta kahawa, hakuna aliyeigusa. Tanas akaanza darajani. Alisema sasa tumevuka, mkono wa moyo ni kinu cha akina Pando, ukuta mmoja umesimama, ndani yake umeota mkomamanga. Shangazi akafumba macho. Tanas akasema jiwe la kufulia lipo, limepasuka. Shangazi akainua miguu kidogo chini ya meza, kama mtu anayekanyaga ndani ya maji ya baridi. Alisema sasa ni kisima, sasa ni kwetu, mbwa hayupo, pita. Akapita. Alisema sasa kuna kichaka tu, sasa tunapinda, sasa tunafika kwenu.

"Polepole," Shangazi akasema. "Umeruka nyumba ya Sofka."

Tanas akatazama meza. "Pale waliwachoma ndani."

"Ninajua waliwafanya nini. Walikuwa sita na bibi yao. Usiiruke."

Akarudi nyuma, nyumba moja, akaanza tena.