Mikono Juu

Jumapili hiyo Mama Pindo alikuwa ameweka goti moja kitandani, akivuta shuka ili amgeuze mumewe alalie ubavu wa kulia. Mumewe, seremala, alikuwa pande la mtu, na tangu aanguke kutoka kwenye paa la kanisa alilokuwa akilipaua, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari. Muuguzi alikuwa amesema ageuzwe mara kwa mara, la sivyo vidonda vya mgongoni vitachimba mpaka mfupani. Hiyo ni kazi ya watu wawili, na kidole kimoja hakivunji chawa. Mama Pindo alikuwa mmoja, tena mwembamba kama uzi wa cherehani yake.

Ng'ambo ya barabara, kanisani, walikuwa wakimwombea. Sauti ya mchungaji iliingia dirishani kupitia kipaza sauti: "Inueni mikono, wapendwa! Na mtu asiishushe mpaka Bwana amwinue ndugu yetu!"

Kanisa zima likaitikia amina. Amina hiyo lazima ilifika ilikokusudiwa, maana ibada ilipokwisha hakuna aliyeweza kushusha mikono.

Wakatoka hivyo hivyo, wakaenda nyumbani. Lisilobudi hutendwa. Sokoni walivaa vikapu shingoni, wauzaji wakawatilia nyanya. Mwalimu aliyekuwa mwimbaji wa kwaya aliulizwa na wanafunzi kama ana swali. Mlinzi wa benki alipata shida siku ya kwanza tu, alipowaona wameingia mikono juu akadhani bunduki yake imefyatuka; baadaye alikuwa akiwafungulia mlango. Walilishwa na jamaa zao wasiosali, nao wakaona ni neema. Wageni walianza kuja kutoka mbali kulitazama kanisa lisiloshusha mikono.

"Mchungaji angewaambia wakunje mikono ya mashati," seremala alisema kutoka kitandani, "mimi ningekuwa nimeshageuzwa."

Mama Pindo alicheka, kisha hakucheka tena, kwa sababu alikuwa akimsafisha kidonda.

Kazi ya cherehani ndiyo iliyoongezeka. Alifumua mishono ya ubavuni, akatia vifungo mabegani, ili mtu avalishwe joho kwa kuzungushiwa kama pazia. Waumini walisimama sebuleni wakipimwa, wakimtazama mgonjwa kwa huruma. "Tunamwombea, mama," walisema, na mikono ilikuwa shahidi wao. Akitaja habari ya kumgeuza, walitazama mikono yao, kisha wakamtazama yeye, kama mtu anayeombwa chumvi na mfuko wake umetoboka.

Siku moja alikuja wifi yake, dada wa seremala, kiongozi wa kwaya. Alikuwa anapimwa mgongo pale seremala alipopaliwa, akakohoa, akaanza kuteleza kitandani. Wifi ndiye aliyekuwa karibu. Akamdaka.

Mikono ilikuwa imeshuka. Wanawake wale wawili wakamwinua, wakamgeuza ubavu, wakamfuta, wakamnyooshea shuka. Seremala alishusha pumzi ndefu, akalala usingizi ambao mkewe alikuwa ameusahau. Mama Pindo alitokwa na machozi ya furaha pale pale.

"Kumbe ni kushika tu, wifi! Waambie wenzako. Wakija kwa zamu, huyu atapona vidonda."

Wifi alikuwa akiitazama mikono yake kama imemwaibisha mbele za watu.

"Usimwambie mtu. Watasema nimeanguka. Mimi kiongozi wa kwaya!"

"Aliyeanguka ni kaka yako, wifi. Tena kwa ubao mbovu wa kanisa."

"Nitakuwa nakuja jioni kukusaidia, nakuapia. Ila nishonee waya kwenye mikono ya joho, isimame."

Mama Pindo akashona. Angeshona hata mbingu, kwa ajili ya ahadi ile. Wifi akaja jioni moja. Jioni ya pili alituma salamu kwamba wana mazoezi, wageni wanakuja.

Ndipo Mama Pindo akavuka barabara kwenda kwa mchungaji. Hakumtaja wifi, alisema tu kwamba atakayemshika mgonjwa, mikono yake itashuka. Mchungaji hakushangaa.

"Mama, unataka watu washushe mikono kabla Bwana hajajibu?"

"Labda ndiyo jibu lenyewe, mchungaji."

"Tutazidi kumwombea," alisema mchungaji, na mikono yake ilikuwa imenyooka vizuri kuliko ya wote.

Vidonda vilifika mfupani, kama muuguzi alivyosema. Seremala alikufa asubuhi, akiwa amelalia mgongo, mkewe akiwa ameshika pembe moja ya shuka.

Kanisa lote lilikuja kuzika. Jeneza lilibebwa na wachimba makaburi wa manispaa, watu wasiojua wimbo hata mmoja. Mchungaji alihubiri kwamba maombi yamejibiwa: Bwana amemwinua ndugu yetu, amemwinua juu kabisa. Mama Pindo alisikia neno hilo, akainua macho kutazama kama mikono itashuka sasa. Kweli ililegea. Mkono wa mzee mmoja wa kanisa ulishuka mpaka begani; mkewe akamgunia, naye akaurudisha juu. Wengine walikaza viwiko. Wageni walikuwa wakipiga picha.

Halafu wakapanga mstari kumpa mfiwa mkono wa pole. Walipita mbele yake mmoja mmoja, na mikono yote ikapita juu ya kichwa chake. Mama Pindo alikuwa ameunyoosha wa kwake mbele, kama afanyavyo mfiwa yeyote. Wifi alipofika mbele yake alilia kwa sauti, kwa kuwa alimpenda kaka yake kweli. Waya ukamkwaruza kwapani, akajiweka sawa, akapita.