Mbuzi Hapewi Posho

Alhamisi asubuhi Dadi alikuwa akisukutua mdomo, meno yake manne ya mbele ya juu yakamwangukia kiganjani, bila damu. Ufizi ulibaki mgumu kama kisigino. Kufika Jumamosi magego yalikuwa yamepata matuta, na taya lilikwenda upande upande lenyewe.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, askari wa Wajerumani walichoma mpunga wote wa kijiji cha Chumbi. Dadi alilimishwa shamba la pamba la serikali, jioni akipimiwa kibaba kimoja cha mtama. Kibaba hicho alimpelekea mkewe Biasha, aliyekuwa ananyonyesha. Yeye alikula nyasi njiani, akajifuta mdomo kabla ya kufika nyumbani.

Alikwenda kwa mtani wake Semeni, mchinjaji, ambaye naye alikuwa analimishwa tangu askari wachukue mbuzi wa kijiji kizima. Semeni alimpitishia kidole gumba mdomoni.

“Haya ya mbuzi, bwana. Mtu ana ya mbele ya kukata, chonge za kurarua, magego ya kusaga. Kachanganyiwa, maana hajui kesho atapata nini. Mbuzi juu mbele hana kitu.” Akachungulia tena. “Na umri wa kuchinjwa umetimia. Idi ikifika usipite karibu na msikiti.”

“Nitakupiga pembe, mtani.”

“Pembe bado. Nimeshapapasa.”

Nyumbani Biasha aliyatazama, akasema afadhali. Meno ya ukoo wa mumewe hayakuwahi kumpendeza.

Jioni, kwenye mstari wa posho, msimamizi wa shamba alimkuta Dadi anacheua.

“Unatafuna nini?”

“Ya asubuhi, bwana.”

Msimamizi alimfungua mdomo, akaangalia, akarudisha mtama guniani. “Mbuzi hapewi posho.”

“Si yangu, bwana. Ya mke wangu. Yeye ana meno ya watu.”

“Mkeo analima hapa?”

“Ananyonyesha.”

“Basi. Anayefuata!”

Semeni, aliyekuwa nyuma yake, aliuliza mbona mbuzi analima. Akapigwa viboko vitano. Jembe la Dadi halikuchukuliwa. Aliambiwa kesho awahi.

Biasha hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akafuatana na mumewe hadi kando ya mto, akaanza na majani laini. Maziwa yalikatika siku tatu, kisha yakarudi yananuka nyasi. Mtoto alikunja uso, akanyonya. Wiki ya pili meno ya Biasha yakadondoka, naye akayafagia pamoja na taka za uani.

Baada ya mwezi mstari wa posho ulikuwa na watu sita tu. Magunia ya mtama uliobaki yalilala nyumbani kwa msimamizi, na wakubwa wake hawakuuliza. Ilitoka amri moja tu, ikasomwa shambani mbele ya watu wote, nao wakisikiliza huku wanacheua: asionekane mtu akila majani ya pamba.