Spika ya Kushoto

...na helmeti hii nayo mbovu, ya tatu hii, spika ya kulia inaongea vizuri, ya kushoto kimya, halafu wanamwambia ndilo duka bora mjini, yeye aliyefundisha watu pikipiki miaka ishirini na sita leo aje auziwe mbuzi kwenye gunia, thubutu, na mama muuzaji kule nyuma ya kaunta, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, ameshika helmeti nyingine mdomoni anasema kwa upole, kwa mara ya ngapi sijui, kushoto unasikia, mzee?... asikie nini, lakini vitufe vizuri, hilo atakubali, vinene, hata mwenye glavu anavipata bila kupapasa, na betri yake inakaa kutwa, na kubwa zaidi ni kwamba akitoka mmoja kwenye msururu wa pikipiki wengine hawakatiki mawasiliano, maana zile za boksi jekundu ukimpoteza wa katikati umewapoteza wote wa nyuma, mambo gani hayo, na Jumamosi ana wanafunzi wanane wa kuwapeleka barabara kuu, wanane, nao watamsikia yeye sikioni mwao kutoka mbele, punguza, shika kulia, usiniangalie mimi angalia barabara, hakuna tena kupunga mikono kama mtu anayefukuza nzi, ila basi wampe chombo kizima, vitatu vyote upande uleule, mzigo mzima umeharibika njiani huu, mzigo mzima... na binti yake kasimama pale kwenye rafu anasoma maandishi ya boksi, haongei, wiki ya tatu haongei zaidi ya shikamoo na chakula tayari, sawa, na anune, mwalimu hafuti kosa kwa sababu mkosaji kamzaa mwenyewe.

Kosa lilikuwa la binti, wote waliona, siku ile wako kwenye kona ya machimbo, msururu umepangwa anavyoupanga siku zote, wa kwanza nusu ya kulia ya njia, wa pili nyuma kidogo nusu ya kushoto, wa tatu kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho kama vifungo vya shati vilivyokosewa, na binti ndiye wa pili, kushoto kwake, miaka sita yuko hapo, na anayetaka kupita anapiga honi kwanza, sheria hiyo iko ubaoni kwa herufi kubwa, sasa yeye mwalimu, aliye mbele, kahamia kushoto kukwepa shimo, kumbe binti alikuwa anapanda kuja kumwambia kwamba mwanafunzi wa mwisho ameanguka, wakabanana, binti akaingia mtaroni, kioo kikavunjika, kiwiko kikachubuka mpaka nyama, na pale pale mbele ya wanafunzi akamwambia hukupiga honi, binti akasema nilipiga, baba, naye akacheka, akacheka jamani, akasema sikio halipiti kichwa, nipe ufunguo, na tangu siku hiyo msichana anayeweza kuigeuza pikipiki ndani ya mzingo wa meza anafundisha alama za barabarani kwa chaki, chumbani, na ufunguo uko hapa mfukoni unamchoma paja... anafanya nini yule?

Kaichukua ile ya kwanza. Ile ile aliyoikataa yeye, kaivaa, kamwashiria mama muuzaji aseme kitu, na mama anasema, na binti anaitikia, kidole kwanza kulia, kisha kushoto, kushoto kabisa, kidole juu ya sikio la kushoto na kichwa kinakubali... halafu anamtazama baba yake, mara moja tu, anaivua taratibu, anaiweka mahali pake, anarudi kusoma boksi, na hapo ndipo anashtuka, maana mtu aliyeonewa akipata ushahidi hunyamaza hivyo kwa sababu moja tu, anakuhurumia... ina maana anajua, tangu lini, pengine hata mkewe anajua, yeye ambaye usiku humwambia geuka nikuambie neno, na amekuwa akidhani ni mapenzi, geuka upande huu, na simu siku zote kulia, na mezani kiti cha mwisho ili watu wote wakae mkono huo, nani alimpangia kiti hicho, hakuna, amekipanga mwenyewe bila kujiambia, miaka ishirini na sita ya upepo na ekzosi, helmeti wazi, na vizibo vya masikio alivyokuwa akisema ni vya waoga... sikio la kufa halisikii dawa, alizoea kuwaambia wanafunzi wabishi, na wanafunzi walicheka.

Aibu inampanda mpaka shingoni, joto, ndani ya helmeti hakuna pa kuificha, lakini asidanganyike mtu, kazi anaijua, sikio moja hili bado linatambua injini inayokohoa kabla mwenyewe hajaisikia, mikono ipo, macho yapo, haishii hapa kwa sababu ya sikio, ila msururu ndio... msururu, ngoja, ngoja, akitoka mbele akashika nafasi ya pili, nusu ya kushoto, basi mbele yake kulia yuko wa kwanza, nyuma yake kulia yuko wa tatu, kushoto kwake majani matupu na mtaro, hakuna wa kumpigia honi upande huo, na wa kwanza ni nani kama si... mara anakaribia kucheka, jibu rahisi hivi, angempa sifuri mwanafunzi aliyechelewa hivi kuliona, binti atangulie, binti aseme punguza, shika kulia, na yeye amsikie safi kwa spika ya kulia, tena Jumamosi hii, si nyingine.

"Kushoto unasikia, mzee?" mama muuzaji anauliza tena, bila kuchoka.

"Spika zako nzima, mama, zote tatu," akasema, helmeti bado kichwani. "Sikio langu ndilo halisikii."

Mkono ukaingia mfukoni, ukaweka ufunguo juu ya kaunta, karibu na maboksi.

"Siku ile ulipiga honi mara ngapi?"

Binti aliliacha boksi, akazunguka nyuma yake mpaka akasimama upande wa kulia.

"Nne, baba."